Samaki wa Majani Ukutani

Disemba ile ya uchaguzi, kabla mambo hayajaharibika, nilishinda na watoto wa Silanga, mtaa wetu wa mabanda, kando ya bwawa karibu kila asubuhi. Shule zilikuwa zimefungwa, jua lilikuwa kali, na wazazi wao walikuwa wametawanyika kwenye vibarua na biashara. Mimi niliuza sukuma na mchicha katika kibanda karibu na mashamba. Wateja wa asubuhi ni wachache, basi watoto wakanizoea.

Nilizaliwa Kitui, katika boma ambalo mtoto wa kike hupewa katani asokote kabla hajapewa viatu, kwa hiyo mikono yangu haijui kukaa bure. Tulivuta magugu maji kutoka bwawani, tukayaanika juu ya mabati mpaka yakakauka, tukasuka vikapu vya kuwekea mayai. Tulifinyanga ng'ombe kwa udongo mweusi wa ukingoni, wengine wenye nundu kubwa kuliko kichwa. Maganda ya mahindi tuliyafanya malaika wa Krismasi na kuwapa nywele za mahindi yenyewe. Kanisa letu dogo liliwaning'iniza malaika hao dirishani, mchungaji akawasifu mbele ya watu wote, nami nikajiona mtu.

Naanza na hayo kwa sababu ndiyo sehemu ninayoweza kuisimulia nikiwa nimeinua uso.

Matokeo yalipotangazwa, moshi ukaonekana upande wa juu, kisha kila upande. Kwa muda Silanga yetu ilijishikilia. Halafu ikaanza kusemekana kwamba sisi watu wa Ukambani, kwa kuwa kiongozi wetu ameingia serikalini, tumewasaliti wenzetu. Adhuhuri moja jirani yangu wa mlango wa pili, mwanamke tuliyezoea kuazimana chumvi, akaja akasimama mlangoni.

"Mama, leo usilale hapa," akaniambia.

Hakuwa ananitisha. Alikuwa analia. Nikamshika binti yangu mkono, alikuwa darasa la kwanza, tukaondoka na nguo tulizovaa na leso moja. Baba yake alikuwa ametuacha zamani, hivyo hapakuwa na mtu wa kungoja. Tulizunguka kwa njia ya Mbagathi mpaka Barabara ya Ngong, na jioni tukawa Kawangware, mtaa wa Kabiro, kwa kaka yangu.

Kaka yangu ni fundi wa mawe. Alikuwa amepanga chumba kimoja katika ploti ya vyumba vya mabati vilivyozunguka uwanja mdogo wenye geti la chuma. Humo ndimo alimolala yeye, wifi yangu na watoto wao wanne. Alinikumbatia, akatunywesha uji, kisha akanipeleka hadi mlango wa mwisho, karibu na choo.

"Hiki kiko wazi," akasema. "Mwenyewe alienda ushago, kijijini kwao."

Kiko wazi, alisema. Ndani mlikuwa na kitanda kilichotandikwa, stuli, vikombe vimetundikwa kwenye misumari, sufuria zimefunikwa, na sweta ya shule ya mtoto, nyekundu iliyokolea, ile rangi ya damu ya mzee, ikining'inia nyuma ya mlango. Na ukutani, juu ya kitanda, palikuwa na picha zilizobandikwa kwa majani makavu kwenye vipande vya katoni. Samaki mwenye magamba ya majani ya mpera, yamepangwa moja juu ya jingine kama vigae. Kuku mwenye mkia wa majani ya mti wa grivilia. Kobe wa ganda la mbegu ya avokado. Binti yangu akapanda kitandani na viatu ili awaguse.

Niliviona vitu vya mtu, nikaamua kuliamini neno ushago. Watu wengi walikuwa wameenda ushago siku zile. Nilikuwa nimechoka, na kitanda kilikuwa kitanda.

Asubuhi kulikuwa na kibaridi. Binti yangu alikuwa na gauni la mikono mifupi na fulana iliyotoboka ndani yake, basi nikaitungua ile sweta mlangoni nikamvika. Ilimtosha kana kwamba alipimiwa.

Shule zilichelewa kufunguliwa, na hata ziliposemekana zimefunguka, wazazi wa ploti ile hawakuthubutu kuwatoa watoto nje ya geti. Walishinda uwanjani wakipigana na kupigwa. Nikaona nifanye ninachojua. Mama aliyechoma mahindi nje ya geti akanipa maganda. Nyuma ya choo palikuwa na mpera, na mgomba uliosahauliwa na kila mtu. Mjakaranda wa jirani ulidondosha maganda yake magumu juu ya mabati yetu, kwa kishindo, na siku za mwanzo kila kishindo kiliwafanya akina mama watoke mbio milangoni. Watoto waliyaokota, wakayatia rangi kwa mkaa na majani ya chai yaliyochujwa, yakawa kasa, yakawa midomo ya mamba. Nilikuwa nakaa mlangoni pa chumba kile, juu ya stuli ile, watoto wamenizunguka. Wifi yangu alinitazama akasema, "Angalau wewe umeleta kitu." Nilihitaji sana kuambiwa hivyo. Mgeni anayekula unga wa watu hutafuta kila njia ya kuonekana ana faida.

Siku moja nikawaambia tutengeneze samaki kama yule wa ukutani. Nikachuma majani ya mpera, nikachukua kiporo cha ugali nikisonge kiwe gundi. Msichana wa mlango wa kwanza, mwenye pengo la meno ya mbele, akanitazama kwa huruma.

"Anti, hayo hayatashika. Lazima uyabane kwanza ndani ya gazeti, chini ya godoro."

"Ukiweka mabichi yanajikunja," mwingine akaongeza.

"Na usitumie ugali, panya watakula. Unapika unga wa ngano, unatia chumvi kidogo."

Nikacheka. "Nyinyi mmefundishwa na nani haya yote?"

Wakatazamana.

"Ni ticha," akasema yule mwenye pengo.

"Ticha wa shule?"

"Wa hapa. Mwenye hii nyumba. Likizo alikuwa anatufundisha hapa hapa ulipokaa."

"Nasikia ako ushago."

"Hakuenda ushago. Ako kanisani kule juu, na mtoto wake. Walimtoa, ati yeye ni wa Magharibi."

"Nyamaza!" kakake akamsukuma. "Mathe alisema tusiseme!"

"Si ni ukweli? Hata jiko lake si liko kwetu?"

"Na meza iko kwao," mwingine akanyoosha kidole.

"Na redio iko kwenu nyinyi!"

Wakaanza kutajiana, mlango kwa mlango, wakibishana nani alichukua nini, kama vile ni mchezo wa kukumbuka. Hawakuwa na ubaya wowote. Walikuwa wanasema tu walichokiona. Na katika kutajiana kwao, kidole cha mmoja kikamfikia binti yangu.

"Na huyu ako na sweta."

Binti yangu akanitazama. Nikasema jua limekuwa kali, nikamvua, nikairudisha kwenye msumari wake. Nikaendelea kusonga ule ugali ambao nilikuwa nimeshaambiwa haufai.

Kaka yangu alikuwa getini akicheza drafti ya vifuniko vya soda. Ujenzi wote ulikuwa umesimama. Nikamwita kando.

"Umenilaza kwa kitanda cha nani?"

"Cha serikali," akajibu, bado anacheka na wenzake. Aliponiona uso akaacha kucheka. "Ulitaka nikulaze wapi? Juu ya watoto wangu?"

"Ulikuwepo wakimtoa?"

"Kila mtu alikuwepo. Ungekosa kuwepo wangekuuliza mbona hukuwepo."

"Ulifanya nini?"

Akatazama chini. Kaka yangu ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka mto msimu wa mvua tukienda shule. Sijawahi kumwona akimpiga mtu.

"Nilishika geti," akasema. "Nilishika geti ili watu wapite."

Akapandisha sauti kidogo. "Na wale wa Silanga, wewe walikuuliza kitanda chako ni cha nani? Si watu wake hao hao waliokufukuza?"

"Huyu hakuwa Silanga."

"Basi ondoka. Geti liko wazi."

Sikuondoka. Ningependa kusema niliondoka siku ile ile. Niliposikia habari za kambi za waliofukuzwa, nilisikia za watoto wanaohara na akina mama wanaolala wamekaa, nikamwangalia wangu, nikabaki. Nilichofanya ni kuacha kulala kitandani. Nilitandika leso chini, kana kwamba sakafu ilikuwa na mwenyewe mwingine. Asubuhi watoto walikuja mlangoni kama kawaida, na nikawafundisha kusuka bangili kwa nyuzi za mgomba, nikiwasifu kwa sauti ndogo, nikiwa na aibu ya kusifu ujuzi ambao mwingine aliupanda.

Mwalimu alikuja asubuhi moja, na mzee wa kanisa aliyebaki getini amemsindikiza. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli. Watoto wakasimama wote kwa pamoja, wakaanza ile salamu ya darasani ya Kiingereza ambayo huimbwa, sauti zikafifia njiani kabla ya kumaliza. Hakuna aliyemkimbilia. Walikuwa wanatazama milango ya mama zao.

Alikuwa mwanamke mwembamba, kitambaa cha kijani kichwani, na msichana wa rika la binti yangu akimshika sketi. Nikainuka. Na neno lililonitoka, kwa mazoea tu ya kulelewa vizuri, lilikuwa:

"Karibu."

Niliposikia nilichokisema, masikio yangu yakawaka moto. Nilikuwa ninamkaribisha mtu nyumbani kwake.

"Asante," akasema, akaingia.

Nikamwomba akae. Nikasema chai iko tayari. Sijui kwa nini nilisema hivyo, nadhani nilitaka mikono yangu iwe na kazi. Akanitazama, akasema, "Sikuja kukaa, lakini chai nitakunywa." Nikammiminia. Kikombe kilikuwa na ufa mdomoni. Alikizungusha hadi upande usio na ufa bila kukitazama, mkono wake ulikijua.

"Wewe umetoka wapi?" akaniuliza.

"Silanga."

"Walikufukuza?"

"Niliambiwa niondoke."

"Iko tofauti?"

"Sijui, mwalimu."

Nilitaka kumwambia sikujua. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa siku kadhaa: kwamba niliambiwa ushago, kwamba silali kitandani. Akatazama ukutani, kisha akatazama msumari ulio nyuma ya mlango. Msumari ulikuwa mtupu.

Asubuhi ile kulikuwa na kibaridi tena, na binti yangu alikuwa amejichukulia sweta mwenyewe nikiwa chooni. Wakati huo alikuwa amesimama mlangoni na wenzake, ameivaa, mikono imeingizwa ndani ya mikono ya sweta. Msichana wa mwalimu alikuwa anamtazama. Alimtazama tu tangu kola hadi chini.

Nikamvuta binti yangu ndani nikamvua sweta hiyo kwa nguvu, kichwa kikakwama, akalia, nikazidi kuvuta. Gauni lilipanda pamoja na sweta mpaka kifuani, fulana ile iliyotoboka ikaonekana, na watoto wote wa ploti wakiwa mlangoni. Nikamnyooshea msichana wa mwalimu sweta kwa mikono yote miwili, kama mtu anayetoa sadaka.

"Shika, mama. Ni yako."

Akarudi nyuma ya mama yake.

"Si yangu," akasema.

"Mwanangu," mama yake akamwambia polepole.

"Si yangu. Yangu ilipotea."

Mwalimu akaipokea, akaiweka mapajani. Ndani ya kola palikuwa na herufi zilizoshonwa kwa uzi mweupe, akapitisha kidole juu yake. Hakumlazimisha mtoto. Akamgeukia wangu, aliyekuwa bado anavuta kamasi.

"Vaa wewe, kuna baridi."

Binti yangu akatikisa kichwa na kujificha nyuma yangu. Basi sweta ikabaki pale mapajani, nzima, safi, bila mwenyewe. Tukawa wanawake wawili wenye watoto wawili nyuma ya sketi.

Alikuwa amekuja kuchukua godoro na sufuria. Kitanda hakingeingia mahali walipokuwa. Nikamwambia nitambebea.

"Hutaogopa?" akauliza. Kisha, kabla sijajibu, akaongeza, "Na nani mwingine atabeba?"

Nilimwita kaka yangu. Wifi akajibu kutoka ndani kwamba ametoka. Niliziona ndala zake mlangoni.

Nikajitwika godoro kichwani, mwalimu akachukua sufuria na vikombe, mzee wa kanisa akaja kutupokea nusu. Tulipofika mlango wa kwanza, githeri ya mahindi na maharagwe ilikuwa inachemka nje juu ya jiko, na mwenye kuipika ameinama juu yake. Mwalimu akapunguza mwendo.

"Habari ya asubuhi, Mama," akasema.

"Nzuri," yule mama akajibu, akichagua mawe katika mahindi ambayo yalikuwa yameshaingia motoni.

Mwalimu akapita, wala hakulitazama jiko lake. Nafikiri angepiga kelele ingekuwa rahisi kwetu sote. Watoto wakatufuata mpaka getini. Yule mwenye pengo akauliza, "Ticha, na samaki?"

"Hao ni wenu," akasema. "Lakini msiwaweke penye moshi."

Tukaingia barabarani. Godoro liliniziba macho, nikawa naona tu visigino vyake, na matope, na chupa zilizovunjika. Vijana waliokaa kando ya barabara wakaacha kuongea tulipopita. Mmoja akauliza, "Mathe, mnahama?" Mwalimu akajibu, "Tunahamisha godoro." Wakacheka, tukapita.

Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa leso na karatasi za nailoni zilizofungwa kwenye ua. Chini ya mti mmoja watoto walikuwa wamekaa duara wakifanya kazi ya nyasi. Walikuwa wamejenga kijiji: vibanda vya nyasi za nepia, ua wa vijiti, ng'ombe wa mbegu za avokado wenye miguu ya njiti. Hapakuwa na moto wala panga, kama nilivyoogopa kuona. Palikuwa na bustani za maua ya bogenvilia, na kila kibanda kilikuwa na mlango unaofunguka na kufungwa. Mtoto mmoja alinionyesha jinsi alivyoufanya mlango wake ufunge kabisa, kwa mwiba.

Mwanamke mmoja akauliza kwa lugha yao nami nikaelewa bila kuijua lugha: huyu ni nani? Mwalimu akajibu kwa Kiswahili, ili nami nisikie.

"Ni jirani yangu."

Singesema kwamba alinisamehe. Alisema jirani, na katika miezi ile neno jirani lilikuwa limebeba mambo mengi. Kisha akanigeukia. "Watoto wanasema unajua kusuka. Unaweza kukaa kidogo?"

Nikakaa. Nikawaonyesha kupasua ganda la mgomba kwa ukucha, kusokota nyuzi pajani, kuanza kitako cha kikapu. Nyuzi zilinikatika mara nyingi. Mikono ambayo haijawahi kuniaibisha iliniangusha mbele ya watoto. Msichana wa mwalimu hakuja kwenye duara langu. Alikaa mbali akitandika godoro lao, akilipiga-piga kutoa vumbi, na kuna wakati alilinusa.

Nilirudi pale mara chache kabla ya wakubwa wa siasa kupatana na kupeana mikono na kambi kuanza kuvunjwa. Mara ya mwisho nilikuta majivu, nyasi iliyolala, na vijiti vya kile kijiji vimekanyagwa. Mzee wa kanisa akaniambia mwalimu amepanda basi la kwenda kwao Magharibi, safari hii ushago kweli. Hakuacha ujumbe, wala sikuwa namdai.

Katika chumba kile sikulala tena tangu siku ya godoro. Tulilala chini kwa kaka yangu, miguu yetu chini ya meza, mpaka nilipopata kazi ya kufua na kupanga upande mwingine wa Kawangware. Chumba kilipata mpangaji mpya. Silanga nilirudi kwa ajili ya kibanda changu cha mboga tu. Nyumba yangu niliiona kwa mbali, pazia jipya mlangoni, nikageuka. Nilijua huko ndani kuna mtu ambaye angeniambia karibu, na sikutaka kumfanyia hivyo. Mimi na kaka yangu tunasalimiana, tunasaidiana, tulizika mama pamoja. Habari ya geti hatujawahi kuirudia.

Binti yangu sasa ni mtu mzima, ana mtoto wake. Likizo ya juzi alikuja kunitembelea, nikawa nabana majani na mjukuu wangu ndani ya gazeti, nikaona ni wakati wa kumsimulia yale yote. Nilimweleza habari ya mwalimu, na kikombe, na jinsi nilivyobeba godoro. Alisikiliza huku akichambua mchele.

"Mimi sikumbuki mwalimu," akasema mwishoni. "Nakumbuka tu ulinivua nguo mbele ya watu."

"Ilikuwa sweta."

"Ulinivua mpaka fulana ikaonekana. Ilikuwa imetoboka hapa." Akagusa kifua, mahali penyewe. "Na yule mtoto alikuwa ananiangalia."

Miaka yote hiyo nilidhani aibu ya siku ile ilikuwa yangu peke yangu, na nilikuwa nimeitunza kama yangu. Sikuwahi kufikiria kwamba kulikuwa na mtoto chini ya sweta ile. Nikamwambia, "Pole, mwanangu." Akasema, "Ni sawa, Mama," kwa ile sauti ambayo mtu hutumia ili mwenzake anyamaze, akaendelea kuchambua mchele wake, naye mjukuu akaniuliza kama hayo majani yamekauka tayari. Nikamwambia bado.